Kufuli Kichwani mwa Gwakisa

Mwaka wa sita ulikuwa unayoyoma, na bado Gwakisa alimpokea dada yake kwa maneno yaleyale.

"Shikamoo, dada. Mbona hukusema unakuja? Tungekupikia kande."

"Marahaba. Nilikuwa napita tu," alijibu Subilaga, kama alivyojibu Jumamosi iliyopita, na Jumamosi zote za nyuma yake.

Alivua koti lililolowa mvua ya Tukuyu, akaketi barazani ubavuni mwa mdogo wake. Gwakisa alikuwa akitazama juu ya mashamba ya chai, ambako ndege mbili za mizigo, zile zisizo na mtu ndani, zilikuwa zinashuka kuelekea kiwandani. Kabla hajaugua, kazi yake ilikuwa kuziendesha ndege hizo kutoka chini. Hata sasa vidole vyake vilikuwa vinachezacheza juu ya goti kana kwamba vinaziongoza.

"Hizi wameleta lini?" aliuliza. "Hazina mkia."

"Juzijuzi tu."

Zilikuwa na miaka mitatu.

Subilaga alitoa mfukoni kifaa kidogo kama kibiriti, akakisogeza nyuma ya sikio la kushoto la Gwakisa, mahali ambapo chini ya ngozi palikuwa na kidonge cha chuma. Taa ya kijani ikawaka. Kufuli limeshika.

Mlango ulifunguliwa, akatoka mtoto wa kike amebeba kikombe cha uji kwa mikono miwili, macho yote kwenye uji usimwagike.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mrembo. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa jirani," mtoto alisema, akaweka kikombe, akarudi ndani mbio.

"Watoto wa siku hizi wana adabu," Gwakisa alisema huku akipuliza uji. Subilaga aliinamisha uso. Mtoto yule alikuwa anaitwa Bupe, naye alikuwa damu ya Gwakisa mwenyewe. Alizaliwa miezi saba baada ya baba yake kufungwa kufuli.

*

Aliyelitengeneza kufuli lile ni Subilaga.

Ndani ya kila seli ya mwili mna kiunzi. Si cha mbao wala cha mfupa. Ni nyuzi na vijibomba vyembamba mno, ambavyo ukivipanga elfu havifikii unene wa unywele. Kiunzi hicho ndicho kinachoishika seli isinywee kama mfuko mtupu. Ndicho kinachoamua hii iwe bapa, ile iwe ndefu, nyingine iwe na matawi. Lakini tofauti na kiunzi cha nyumba, hiki hakitulii. Seli hukibomoa nyuma na kukijenga mbele, kukibomoa tena na kukijenga tena, na kwa kufanya hivyo hujivuta, hutambaa. Ndivyo seli za damu zinavyofuata vijidudu, na ndivyo ngozi inavyolifunika jeraha.

Na ndivyo uvimbe wa Gwakisa ulivyokuwa unafanya ndani ya ubongo. Mara mbili madaktari walimpasua wakautoa, na mara zote mbili walikuta seli chache zimekwisha kutambaa kwenda mbele ya kisu. Mpasuaji alimwambia Subilaga waziwazi kwamba hatampasua mara ya tatu.

Wakati huo, kwenye maabara yake Mbeya, Subilaga alikuwa na dawa aliyoiita Zuio. Dawa hiyo ilizikamata nyuzi za kiunzi zikakaa vilevile zilivyo, zisibomoke wala zisijengeke. Vijibomba hakuvigusa, maana hivyo ndivyo barabara ambazo mizigo ya seli hupitia, na seli isiyopata mizigo hufa. Kidonge cha nyuma ya sikio kiliimwaga dawa ndani ya ubongo kidogokidogo, na kwa ufunguo wa Subilaga kingeweza kuimwaga dawa nyingine, ya kuziachia nyuzi. Panya waliofungwa Zuio waliishi mpaka wakazeeka.

Gwakisa alitia sahihi huku anacheka. "Nifunge, dada. Nifunge hata kwa minyororo."

Seli za uvimbe zilisimama. Hazikusogea hata unywele. Ila kuna kitu panya hawakuweza kukisema. Mtu anapojifunza jambo, seli za ubongo wake huchomoza vijichipukizi vipya au huvinenepesha vya zamani, na ni nyuzi zilezile zinazovifinyanga. Gwakisa alibaki na kila alichokijua kabla ya kufungwa. Alijua nyimbo zote za kanisani, alijua njia zote za Rungwe, alijua siku aliyomposa Tupokigwe na mvua iliyowanyeshea. Lakini jambo jipya lilikaa kwake mpaka mchana, au mpaka ageuze uso, kisha likateleza.

Watu elfu tatu walikuwa hai nchini kwa sababu ya Zuio. Wengi wao hawakuwa na uvimbe kichwani bali mahali pengine, nao walipoteza kidogo: vidonda vyao vilichelewa kupona, basi. Gwakisa alikuwa wa kwanza kabisa, na picha yake ikiwa na tabasamu ilining'inia kwenye ukumbi wa taasisi. Kila Subilaga alipoipita aliangalia saa yake ili asiitazame.

*

Neno la jirani lilianza kama huruma. Bupe alipozaliwa walimwambia Gwakisa, naye alifurahi hadi akalia. Mchana akauliza kichanga kile ni cha nani. Wakamwambia tena. Baada ya miezi kadhaa Tupokigwe alichoka kumwona mumewe akishtuka kila siku, akijilaumu kila siku kwa kutomjua mwanawe. Siku moja akasema ni mtoto wa jirani, na siku ikapita kwa amani. Hivyo hivyo alipofariki mama yao. Gwakisa alizika, akashika jembe, akarudi nyumbani, na kesho yake akauliza mama anaendeleaje na mguu. Wakasema hajambo.

Bupe alikua ndani ya uongo ule kama mtoto anavyokua ndani ya nyumba, asijue kuna nyumba nyingine. Mpaka alipoanza shule.

Jumamosi ile, Subilaga alipokuwa anakunja koti lake aondoke, mtoto alitoka tena nje. Safari hii hakubeba kitu. Alisimama mbele ya Gwakisa.

"Mimi siyo wa jirani."

"Bupe!" mama yake aliita kutoka jikoni.

"Mwalimu ameuliza baba yako anaitwa nani. Nimesema Gwakisa. Wenzangu wakasema mbona baba yako hakujui." Alipiga hatua moja mbele. "Mimi ni mwanao. Nakuletea uji kila siku."

Gwakisa alimtazama. Alimtazama paji la uso, akamtazama masikio yaliyochomoza kama ya mama yao wote wawili, Subilaga na yeye. Hakuna aliyemwambia neno. Aligeuka kumtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na uso wa mkewe ulimweleza yote.

"Tupo," alisema polepole. "Nimefungwa muda gani?"

Wakamweleza. Aliwauliza maswali ya mtu mwenye akili timamu, kwa sababu alikuwa nayo. Kisha akamgeukia dada yake.

"Fungua."

"Nikifungua, zitaanza kutambaa."

"Nimekusikia. Fungua."

Alimpakata Bupe mpaka mtoto akasinzia. Walipomwamsha mtoto ale, Gwakisa aliinuka kunyoosha miguu, akaenda hadi kwenye migomba, akarudi. Alimtazama mtoto aliyekuwa anakula ndizi, akatabasamu kwa ukarimu.

"Karibu, mrembo. Wewe ni mtoto wa nani?"

Bupe aliweka ndizi chini. Hakujibu.

*

"Hata mimi nimeyasikia," Tupokigwe alisema. Walikuwa wamesimama jikoni, yeye na wifi yake, moshi ukipita katikati yao. "Usiniambie kwamba amesema fungua. Wiki iliyopita mhubiri alipita hapa, akamweleza habari zake zote, unajua Gwakisa alisema nini? Alisema afadhali hivi, mradi nipo hai. Asubuhi ana neno moja, jioni ana jingine. Utalishika lipi?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Subilaga. Sheria ya tiba ilikuwa wazi: mgonjwa wa Zuio akitaka kufunguliwa, aulizwe mara mbili, kwa siku mbili tofauti, na mara ya pili athibitishe kwamba anakumbuka alichosema mara ya kwanza. Iliwekwa ili mtu asife kwa uamuzi wa hasira. Waliotunga hawakumfikiria mtu ambaye hawezi kukumbuka jana.

"Sahihi yake ya mwanzo ipo," Subilaga alisema. "Alisema nimfunge."

"Alisema hivyo akidhani atakuwa anaishi." Tupokigwe alikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. "Wifi, nikwambie kitu. Mimi naogopa kaburi. Nimemfulia, nimemlisha, nimeucheka mzaha wake uleule kila Jumapili, na bado nikiamka namgusa kwanza kama anapumua. Sitaki afunguliwe. Lakini leo nimemwona mwanangu akinyamaza vile, nami nimejiuliza, hivi namtunza mume au natunza picha?"

 Subilaga naye alikuwa na picha yake, ukumbini.

"Kuna njia," alisema hatimaye. "Kufungua mchana mmoja tu, saa chache, kisha nifunge kabla ya magharibi. Kwa saa hizo vijichipukizi vitaweza kuumbika. Atakachokisikia kitabaki. Lakini na zile seli za uvimbe zitajivuta."

"Kiasi gani?"

"Chini ya unene wa unywele. Ila hazirudi nyuma."

"Na wakubwa zako?"

"Hawataniruhusu."

Tupokigwe aliondoa sufuria motoni, akaifunika, akafuta mikono kwenye khanga.

"Basi muulize. Lakini muulize akiwa na kesho."

*

Walimpeleka Bupe kwa bibi mzaa mama. Mvua ilikuwa imekatika, na bonde lote lilikuwa linatoa mvuke. Subilaga alisogeza kifaa nyuma ya sikio, akabonyeza ufunguo. Taa ya kijani ikazimika, ikawaka ya manjano.

Hakuna kilichoonekana. Gwakisa alikuna sikio, akaomba chai. Lakini Subilaga aliona kwa jicho la ndani nyuzi zikiachiwa, zikianza kujibomoa na kujijenga kila mahali kwa pamoja, katika seli za kumbukumbu na katika zile nyingine, bila kubagua, kama watu wa kijiji walioachiwa kutoka nje baada ya kufungiwa. Alisubiri mpaka alipojua kwamba dawa imeenea, kisha akaketi mbele ya mdogo wake, magoti yakigusana.

Alimweleza ugonjwa. Alimweleza miaka. Alimweleza Bupe, naye Gwakisa alitikisa kichwa huku machozi yakimtoka, akimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza amemwona mvi. Kisha Subilaga akamshika mkono.

"Na mama alifariki. Mwaka wa pili."

Gwakisa aliweka kikombe cha chai chini.

"Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulishika jembe. Ulitupa udongo."

"Nilikuwepo," alirudia. "Na mimi nilipouliza habari za mama, mlikuwa mnasema nini?"

"Kwamba hajambo."

Alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Subilaga hakuwahi kumsikia mdogo wake akipaza sauti vile. Alimwita mwongo. Alimwambia kwamba mama yao amemzika mara moja, lakini yeye Gwakisa anamzika kila siku. Alimwambia kwamba amemgeuza kuwa chombo cha kuwaonyesha wageni. Maneno mengine yalikuwa ya kweli na mengine hayakuwa, na Subilaga aliyapokea yote bila kujitetea, kwa sababu alifahamu kwamba kila neno, wakati ule, lilikuwa linajijengea mahali pa kukaa.

Sauti ilipomkauka Gwakisa, Subilaga alimuuliza kwa utaratibu wa sheria, Tupokigwe akiwa shahidi. Unataka nini?

"Acha wazi. Usiniguse tena."

"Nitakuuliza tena kesho. Sasa lazima nifunge."

Alimwacha afunge, huku ametazama pembeni.

*

Subilaga alilala pale pale, ingawa usingizi haukuja. Asubuhi aliisikia sauti ya ufagio uani, ya kuku, ya Tupokigwe akimwaga maji. Alivaa, akasimama nyuma ya mlango wa barazani, mkono kwenye komeo, akashindwa kuufungua. Kama angesikia "Mbona hukusema unakuja," basi mchana wa jana ungekuwa ni ukatili mtupu, na seli zilizotambaa zimetambaa bure.

Alifungua.

Gwakisa alikuwa ameketi palepale, amempa mgongo. Hakugeuka.

"Shikamoo sikupi," alisema. "Mlinificha mama."

Subilaga aliegemea nguzo. Kwa miaka yote ile waligombana mara nyingi, naye kila mara alisamehewa kabla ya chakula cha mchana, na mtu asiyejua amesamehe nini. Sasa mdogo wake alikuwa amelala na hasira na kuamka nayo. Alifunika mdomo kwa khanga. Hakutaka Gwakisa amsikie, maana hata yeye mwenyewe hakujua kama ule ulikuwa ni kilio au kicheko.

"Jana uliniuliza," Gwakisa aliendelea, bado akitazama mashamba. "Nikasema acha wazi. Umekuja kuuliza mara ya pili?"

"Ndiyo."

"Niambie kwanza. Ukiacha wazi moja kwa moja, nina muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

"Na ukiendelea kufunga?"

"Unaweza kuzeeka."

Tupokigwe alikuwa ametoka, akasimama pembeni na ndoo mkononi. Gwakisa alimwita akae. Kisha akasema kwamba tangu kulipopambazuka amekuwa akiligeuzageuza jambo hili, na kwamba amesahau ladha ya kuamka na jambo la jana, ilivyo chungu na ilivyo nzuri. Jana alisema kwa hasira. Leo anasema hivi: afunguliwe mtoto anapotoka shule, afungwe mtoto anapoingia kulala. Asubuhi zake awe hivyohivyo mjinga, acheke mizaha yake ya zamani. Jioni zake anazitaka.

"Zitakuwa zinasogea kila jioni," Subilaga alisema. "Kidogokidogo, lakini kila jioni. Hutazeeka, Gwakisa."

"Kuna mtu aliyewahi kumjua mwanawe bure?"

Alimtazama mkewe. Tupokigwe alikuwa ameinama juu ya ndoo. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba sawa, lakini jioni nyingine ziwe zake, siyo zote za mtoto. Gwakisa akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha zamani.

Kisha uso ukamrudia ukali, akamgeukia dada yake kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Usije ukadhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

*

Subilaga hakungoja wamgundue. Alirudi Mbeya, akaripoti mwenyewe kwamba amefungua kufuli la mgonjwa kabla ya idhini, na kwamba mgonjwa huyo ni ndugu yake. Baraza lilimsikiliza siku nzima. Uamuzi wa Gwakisa walikubali kuutambua, kwa kuwa aliulizwa mara mbili na alikumbuka, na baada ya mabishano makali waliagiza kila mgonjwa wa kichwani apewe mchana mmoja wa kuulizwa namna hiyo. Ila Subilaga walimvua kazi ya wagonjwa. Ufunguo wa Gwakisa ulikabidhiwa kwa daktari kijana wa hospitali ya Tukuyu, na picha ya ukumbini ikateremshwa kwa ombi la Gwakisa mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi zilizofuata alikwenda mikono mitupu, kama dada tu. Alikwenda alasiri. Alimkuta Gwakisa akimfundisha Bupe kuendesha kijindege cha karatasi kilichofungwa kamba, au wakibishana juu ya hesabu za shule, ambazo baba alizikosea na mtoto akafurahi kupita kiasi. Gwakisa alimjibu Subilaga kwa neno moja moja. Alikumbuka kila alichomwambia, na alikumbuka kila alichofichwa; kila wiki alikuwa na swali jipya la kumchoma. Nani alimvika mama? Alinitaja? Subilaga alijibu yote, akaondoka kabla giza halijaingia.

Mwezi wa tano majibu ya vipimo yalitoka, na Gwakisa alitaka ayaletewe na dada yake, si na daktari kijana. Alimwambia Bupe akacheze uani.

"Zimesogea?"

"Zimesogea. Kuelekea upande unaoongoza mkono wa kulia. Haraka kidogo kuliko nilivyokadiria."

Gwakisa aliukunjua mkono wake wa kulia, akaukunja. Kutoka uani ilisikika sauti ya Bupe akimfokea kuku. Walikaa wakimsikiliza, wote wawili, mpaka kuku akakimbia.

"Wewe ungeweza kusema majibu ni mazuri," Gwakisa alisema. "Nisingejua."

"Ningeweza."

 Mawingu yalikuwa yameanza kushuka juu ya chai, na Subilaga, kwa mazoea yake mapya, alichukua koti lake, akainuka.

"Mimi bado sijamaliza hasira zangu na wewe," Gwakisa alisema.

"Najua."

"Zitachukua muda."

"Najua, mdogo wangu."

Gwakisa alivuta kiti cha pili kwa mguu, akakisogeza karibu na chake.

"Basi kaa. Tupo ameweka kande jikoni, na mtoto anataka kukusomea."